Pesa Hainunui Amri

Jeshi la pamoja la Kiafrika linaporudi nyumbani bila ushindi, sababu inayotolewa ni ile ile: hatukuwa na fedha. Maofisa wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa husema hivyo, Arusha kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki husema hivyo, na wahisani wa Ulaya, ambao kwa mengine hubishana nao mpaka usiku wa manane, kwa hili huitikia. Ndiyo maana Azimio namba 2719 la Baraza la Usalama, lililopitishwa Desemba 2023, lilishangiliwa kama ukombozi. Linafungua njia ya operesheni za Umoja wa Afrika kugharimiwa hadi asilimia 75 kutoka kwenye michango ya lazima ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Tangu hapo mjadala wa ulinzi barani umegeuka mjadala wa asilimia: nani atoe hizo 75, nani atafute 25 zinazobaki, na Marekani italegeza kamba lini.

Naupinga mtazamo huo, na naupinga kwa ukali kwa sababu umekwisha kugharimu roho za watu. Askari anahitaji chakula, mafuta, risasi na mshahara. Hilo halina ubishi. Ninachokataa ni kuanzia hapo. Kabla ya fedha kuna swali la nani anatoa amri, amri hiyo inasema nini, na inamtaja nani kuwa adui. Maswali hayo yalipojibiwa, vikosi vidogo vilifanya kazi kubwa. Yalipokwepwa, mabilioni yaliteketea na miji ikaanguka.

Ushahidi ulio karibu nasi kuliko wote uko Goma, mashariki mwa Kongo. Tarehe 20 Novemba 2012 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia mji ule. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulikuwa na askari wapatao 17,000 nchini Kongo na bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Magari ya deraya yalikuwapo, helikopta zilikuwapo, ghala zilikuwa zimejaa. Helikopta hizo zilikuwa zimewashambulia waasi siku chache tu kabla. Lakini jeshi la Kongo lilipokimbia, walinda amani walibaki ndani ya magari yao meupe wakiwatazama waasi wakipita barabarani. Walivyoielewa amri yao, kazi ilikuwa kulisaidia jeshi la serikali, na jeshi la serikali halikuwapo tena mjini.

Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 2098 na kuunda ndani ya MONUSCO hiyo hiyo brigedi ya kuingilia kati yenye askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania akapewa uongozi wake, chini ya kamanda mkuu wa ujumbe, Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. Kilichokuwa kipya kilikuwa maneno machache kwenye karatasi: brigedi iliruhusiwa kuanza mashambulizi na kuvivunja nguvu vikundi vyenye silaha, peke yake au pamoja na jeshi la Kongo. Agosti mwaka huo ikapigana katika vilima vya Kibati, kaskazini mwa Goma, na Meja Khatib Shaame Mshindo wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania akafia huko. Novemba 5 M23 ikatangaza kuwa imeacha vita, na kamanda wake Sultani Makenga akavuka mpaka kuingia Uganda na watu wake.

Posho ya askari wa Tanzania aliyepanda Kibati ilitoka kwenye mfuko ule ule uliomlipa askari aliyekaa ndani ya deraya mwaka uliotangulia. Wote wawili walikula kutoka kwa mgavi mmoja na kujaza mafuta kwenye pampu moja. Kilichowatofautisha ni amri. Pamoja na amri kulikuwa na shinikizo la kidiplomasia: wahisani kadhaa walikuwa wameikatia Rwanda misaada tangu 2012, na Kigali ikaelewa kwamba safari hii kuna gharama ya kuendelea. Haya mawili, amri na siasa iliyoisindikiza, ndiyo yaliyoiondoa M23. Fedha zilikuwapo siku zote.

Anayebisha aeleze kilichofuata. Brigedi ile haikuvunjwa. Ilibaki Kongo, ikalipwa kila mwezi kutoka mfuko ule ule wa Umoja wa Mataifa. M23 iliporejea vitani mwishoni mwa 2021 na kuuteka mji wa mpakani wa Bunagana tarehe 13 Juni 2022, brigedi ilikuwapo bado kwenye orodha na kwenye bajeti. Haikurudia ya 2013. Aliye upande wa hoja ya fedha ana kazi ya kueleza jinsi fedha hizo hizo zilivyoshinda mwaka mmoja na kushindwa mwaka mwingine.

Sasa tuje kwetu. Aprili 2022 Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 20 Juni wakuu wa nchi wakakutana Nairobi na kuidhinisha jeshi la kanda. Katika mji huo huo, mtaa wa Karen, yako makao ya Kikosi cha Dharura cha Afrika Mashariki, EASF, ambacho Desemba 2014 kilitangazwa kuwa tayari kikamilifu kikiwa na ahadi ya watu wapatao 5,000. Kilikuwa na mipango, wapangaji na ghala la ugavi Addis Ababa. Hakikuitwa. Tanzania si mwanachama wake, Kongo si mwanachama wake, na hakuna rais aliyetaka kuingia vitani kupitia meza asiyokalia. Likaundwa jeshi jipya kuanzia sifuri.

Bunge la Kenya likaidhinisha askari zaidi ya 900 na shilingi zaidi ya bilioni 4 kwa miezi sita ya mwanzo. Novemba 2022 wakatua Goma, wakapokelewa kwa matumaini makubwa na wakazi ambao Kiswahili ni lugha yao ya sokoni na ya nyumbani. Burundi ilikuwa imeingia tangu Agosti. Uganda na Sudan Kusini zikafuata. Makao makuu yakawekwa Goma chini ya Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya.

Hebu tutazame kwa makini hilo jeshi lilipewa kazi gani, kwa maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kinshasa ilisema limekuja kupigana na M23. Nairobi ilisema limekuja kusimamia usitishaji mapigano uliokubaliwa Luanda mwezi huo wa Novemba, na kushika maeneo ambayo waasi watayaachia. Kampala ilifungua barabara na kukaa pembeni. Bujumbura ilikuwa na maelewano yake na Kinshasa. Tafsiri zote nne zilipeperusha bendera moja. Desemba 23 M23 ikafanya sherehe ya kuikabidhi Kibumba, na Januari 6 ikaikabidhi kambi ya Rumangabo. Kamera zikapiga picha, makamanda wakapeana mikono, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa baadaye wakaandika kwamba waasi hawakuondoka kama ilivyotangazwa. Bunagana, walikofika askari wa Uganda mwisho wa Machi 2023, M23 iliendelea kuutawala mji na kutoza kodi malori ya mizigo yanayovuka mpaka. Dereva wa lori alipita mbele ya askari wa Jumuiya akaenda kumlipa mwasi. Ukitaka kujua jeshi limepewa amri gani, mtazame dereva huyo.

Uganda wakati huo ilikuwa na majeshi mawili Kongo. Moja lilikuwa chini ya Jumuiya huko Rutshuru. Jingine, la Operesheni Shujaa, liliingia Novemba 2021 kwa makubaliano ya nchi mbili kuwasaka waasi wa ADF huko Ituri na Beni, na hilo liliripoti Kampala moja kwa moja. Burundi nayo, kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ilifikia mahali ambapo baadhi ya askari wake walipigana na M23 wakiwa wamevaa sare za jeshi la Kongo, huku wenzao wakihesabika kuwa sehemu ya jeshi lisilopigana. Ni shilingi ngapi zingetibu hilo? Bajeti maradufu ingempa Jenerali Nyagah magari maradufu ya kupeleka kwa makamanda ambao kila mmoja alikuwa akingoja simu ya mji mkuu wake.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo Arusha hulizunguka kwa adabu. Rwanda ni mwanachama wa Jumuiya. Askari wake hawakuruhusiwa kujiunga, kwa sharti la Kongo, lakini rais wake alikuwa na kiti katika kikao kilichoamua jeshi hilo lifanye nini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuwa wakiituhumu Kigali kuwapa M23 askari na silaha. Kigali imekuwa ikikanusha. Haidhuru msomaji anaamini upande upi, kwa hoja yangu inatosha kwamba waliokaa mezani walikuwa wanashtakiana wao kwa wao. Kikao cha namna hiyo hakiwezi kumtaja adui. Kinaweza tu kuandika maneno ya jumla kuhusu vikundi vyenye silaha, na maneno ya jumla yakifika kilimani yanageuka kuwa hakuna amri.

Februari 2023 wakazi wa Goma wakajaza mawe barabarani wakitaka jeshi hilo liondoke. Aprili Jenerali Nyagah akaandika barua ya kuacha kazi akisema usalama wake uko hatarini na juhudi zake zinahujumiwa. Desemba 8 muda wa jeshi ukaisha, Kongo ikakataa kuuongeza, na kabla ya mwaka kwisha askari wote wakawa wameondoka. Wapo walioandika kwamba mfuko wa Jumuiya haukupata michango iliyotarajiwa, na kwamba hapo ndipo penye funzo. Michango haikutosha, ni kweli. Lakini Kinshasa haikulifukuza jeshi kwa sababu ya umaskini wake. Ililifukuza kwa sababu halikufanya ilichokitaka, na halikuwa limewahi kukubaliana nayo juu ya hicho.

Najua jibu litakalokuja: kila nchi ilijilipia, ndiyo maana kila nchi ilijiamulia; tungekuwa na mfuko wa pamoja, tungekuwa na amri ya pamoja. Hoja hii ina uzito kuliko nyingine zote, na bahati njema imekwisha kujaribiwa. Ilijaribiwa Somalia kwa miaka mingi.

AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika nchini Somalia, iliundwa Januari 2007. Umoja wa Ulaya ulilipa posho, dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi kabla ya kuipunguza kwa asilimia 20 mwaka 2016, na kwa jumla ukatoa zaidi ya yuro bilioni 2. Umoja wa Mataifa ukabeba chakula, mafuta, dawa na usafiri kupitia ofisi ya ugavi iliyoongozwa kutoka Nairobi na kupakua mizigo Mombasa. Hakuna jeshi la Kiafrika lililowahi kufadhiliwa namna hiyo. Lakini Somalia ikagawanywa sekta kwa bendera: Uganda Mogadishu na kusini yake, Kenya Kismayo na mpakani, Burundi, Ethiopia na Djibouti kila mmoja na lake. Kamanda mkuu aliyekaa Mogadishu alikuwa mratibu. Kuhamisha batalioni kutoka sekta moja kwenda nyingine kulihitaji ridhaa ya serikali yenye batalioni hiyo.

Suala la helikopta linaonyesha ugonjwa wote. Februari 2012 Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha anga cha helikopta 12 kwa AMISOM, tatu kati yake za mashambulizi. Uganda ilipeleka za kwanza Agosti mwaka ule na tatu zikaanguka Mlima Kenya njiani. Baada ya ajali hiyo miaka ikapita, na kamanda mkuu akaendelea kukosa ndege za vita alizoweza kuziamuru. Nchi zenye ndege zilisema malipo ya Umoja wa Mataifa hayaridhishi. Wakati wote huo ndege za kijeshi za Kenya zilikuwa zikiruka juu ya Somalia, zikiamriwa kutoka Nairobi, bila kungoja malipo ya mtu. Nchi haikukosa mafuta ya kurushia ndege. Ilichokataa ni kuikabidhi ndege kwa jenerali wa nchi nyingine.

Gharama ya kukataa huko waliilipa askari wa kawaida. Mwaka 2015 na 2016 waasi wa Al-Shabaab walivamia kambi moja baada ya nyingine: Burundi huko Leego, Uganda huko Janale, kisha tarehe 15 Januari 2016 Kenya huko El Adde, mkoa wa Gedo, ambako Kenya na Ethiopia zote zilikuwa na askari. Kambi ndogo, mbali na jirani, alfajiri, na msaada uliochelewa. Serikali ya Kenya haikuwatangazia wananchi idadi kamili ya waliokufa El Adde, na familia zilijumlisha wenyewe kwa kuhesabu mazishi. Mfuko wa pamoja ulikuwapo miaka yote hiyo. Amri ya pamoja haikuja nao.

Wengine wataniletea Januari 2025. SAMIDRC, jeshi la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) lililochukua nafasi ya lile la Afrika Mashariki kuanzia Desemba 2023, lilikuwa na amri ya kupigana, tena kwa maandishi, na likashindwa. Goma ikaanguka tena mwishoni mwa Januari. Afrika Kusini ikazika askari 14, na Malawi na Tanzania zikazika wao. Machi 13 SADC ikalifuta. Idadi ya askari waliofika ilikuwa ndogo kuliko iliyoidhinishwa, na ulinzi wa anga ulikuwa dhaifu. Hapa upungufu wa vifaa uliua, na sitaupunguza.

Lakini tuulize upungufu huo ulitoka wapi. Afrika Kusini peke yake ilikuwa imetangaza askari 2,900 na zaidi ya randi bilioni 2. Mpango ulioandikwa ulikuwa wa kukabili kundi la waasi wa msituni. Julai 2024, miezi sita kabla ya Goma kuanguka, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo pamoja na M23. Tangu siku ile kila mpangaji wa vita aliyesoma ripoti ile alijua kwamba jeshi linalohitajika ni jingine kabisa, lenye mizinga mingine, ulinzi wa anga mwingine, na uamuzi wa kisiasa mzito zaidi. Uamuzi huo ukifanywa, bajeti huandikwa upya au askari huondolewa kwa wakati. Haukufanywa. Wale vijana wakaachwa Sake na Goma na mpango wa adui mwingine. Kuita jambo hilo ukata ni kuwasamehe waliotakiwa kuamua.

Kinyume chake kimekwisha kuonekana, na hapa pwani kinakumbukwa. Machi 25, 2008 askari wa Umoja wa Afrika, wengi wao Watanzania na Wasudani, waliteremka Anjouan pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa hicho kwa kuikaidi serikali kuu. Libya na Senegal zilisaidia. Afrika Kusini haikutaka vita na ilisema hivyo waziwazi, kisha ikakaa pembeni badala ya kuingia ndani na kuvuta upande wake. Amri ilikuwa moja, jina la mtu lilikuwa ndani yake, na Mutsamudu ilitekwa siku hiyo hiyo; Bacar akakimbilia Mayotte kwa mashua. Kilikuwa kisiwa kidogo na adui dhaifu, nakubali. Hata hivyo hakuna aliyesubiri mkutano wa wahisani.

Msumbiji nako, Julai 2021, Rwanda ilipeleka Cabo Delgado watu 1,000 kwa makubaliano na Maputo peke yake, na tarehe 8 Agosti wakaingia Mocímboa da Praia pamoja na jeshi la nchi hiyo. Yuro milioni 20 za Umoja wa Ulaya ziliidhinishwa Desemba 2022. Ujumbe wa SADC uliopelekwa mkoa ule ule, na ambao nao ulipewa fedha za Ulaya, ulifungasha virago 2024 bila mafanikio ya namna hiyo. Sitaji mfano huu kuisifu Kigali. Yaliyosemwa hapo juu kuhusu Kongo yanatosha kuonyesha kwamba mnyororo mmoja wa amri unaweza kutumika kwa shari pia. Ninachotaka kionekane ni nini kilitangulia nini.

Kwa hiyo Azimio 2719 likianza kutoa fedha, na siku moja litatoa, masharti yake yasiishie kwenye hesabu za matumizi na haki za binadamu, ingawa hayo ni ya lazima. Kila nchi inayochangia askari iandike, kabla hawajapanda ndege, amri zipi za kamanda mkuu askari wake hawatazitii, na maandishi hayo yapelekwe bungeni. Kila nchi inayochangia askari ina masharti hayo. Leo kamanda huyajua risasi zikiwa zimekwisha kulia. Ndege na mizinga vinavyolipiwa na mfuko wa pamoja viwe chini ya sahihi ya kamanda mkuu, na nchi isiyokubali ilipie vyake. Mwanachama anayetuhumiwa kuwa mhusika wa vita atoke chumbani wakati wa kuamua majukumu ya jeshi, kama jaji anavyojiondoa kwenye kesi ya ndugu yake. Na hati ya majukumu imtaje adui kwa jina, hata kama jina hilo linaiaibisha serikali rafiki.

Haya hayahitaji dola hata moja. Karen, kwenye makao ya EASF, wapo maofisa wanaolipwa mwaka mzima kupanga operesheni ambazo haziji. Wanaweza kuanza na hati ya masharti hayo wiki hii. Nchi itakayokataa kuisaini isipeleke askari, hata kama fedha zao zimekwisha kupatikana.